Mzee wa chemsha bongo aliyeliweza jina langu

Mwenzenu leo nataka kuwapa stori ya mzee mmoja. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa mwanamuziki na wala hakucheza mpira. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kamera na kuwauliza watu maswali, basi. Kwa kazi hiyo hiyo moja alikaa kwenye televisheni za Marekani miaka 36, na alipoondoka watu walikuwa bado wanamtaka.

Jina lake Alex Trebek. Kama una ndugu Majuu, mtajie jina hilo uone atakavyotabasamu. Hapa kwetu wengi hawamjui na si kosa lao. Sisi wa Bara televisheni zetu tulianza kuziona 1994, na wakati huo mzee alikuwa tayari anatimiza miaka 10 kwenye kipindi chake. Kipindi chenyewe kinaitwa Jeopardy! Hiyo alama ya mshangao ni ya kwao, msidhani nimeichomeka mimi.

Nilibahatika kukutana naye 2013. Hatukunywa chai pamoja, picha sina, na muda wenyewe haukufika hata dakika 3. Lakini nimekutana na watu wakubwa wengine kwa saa nzima na sikumbuki hata walivaa nini. Huyu namkumbuka mpaka leo, na nikimaliza nadhani mtakubali kwamba nina sababu.

Kwanza niwaeleze mwenzenu nilikuwa nafanya nini huko. Nilikuwa Los Angeles nabeba boksi. Wanaojua wanajua: boksi lenyewe unaweza usilione hata siku moja, lakini utalibeba tu. Boksi langu lilikuwa kutunza wazee. Unawaogesha, unawavisha, unawapa dawa kwa saa zake, unawasikiliza. Kazi ya heshima, ila mgongo unakuuma kufa mtu.

Sasa pale kazini palikuwa na tatizo dogo ambalo kwangu lilikuwa kubwa. Mimi naitwa Ng'washi. Wewe Msukuma mwenzangu umelitamka hilo jina bila hata kufikiri. Na wewe usiye Msukuma umelipata pia, maana ng'ombe unamtaja tangu ukiwa mdogo. Lakini kwa wenzetu wale, jamani! Kuna aliyeniita "Nugu-washi", kuna aliyeniita "En-ji-washi", na mmoja aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole tu. Siku ya tatu msimamizi akaona asijisumbue. Akasema kuanzia leo wewe ni Nancy. Asubuhi yake nikakuta kibandiko cha kifuani kimeshachapwa: NANCY.

Nikawa Nancy miaka 4. Si tusi, najua. Lakini jaribu siku moja kuitwa jina ambalo bibi yako hakukupa, kutwa nzima, siku 6 za wiki, halafu uniambie unajisikiaje ukirudi nyumbani usiku.

Kati ya wazee niliokuwa nawahudumia alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, aliyevuka miaka 80. Jina lake sitaliandika, mimi nitamwita Bibi. Alikuwa mkali, msafi na mwenye maneno matamu. Ila umri ulikuwa umeanza kumchezea. Miguu haikuwa na shida sana, shida ilikuwa maneno. Yalikuwa yanamkimbia. Anataka kusema "dirisha" anabaki ameshika hewa mkononi, anakutazama kama vile umemwibia.

Ikifika saa 1 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, chumbani kwa Bibi hakuna mtu wa kugusa televisheni. Ni saa ya Trebek. Hata daktari angengoja. Mimi nilianza kukitazama kwa lazima, maana ndio muda wa kumlisha, na baada ya mwezi nikawa nakimbia ngazi ili nisikose mwanzo.

Kipindi chenyewe kina kituko kimoja. Chemsha bongo zote unazozijua wewe, mtu anauliza swali unatoa jibu. Pale ni kinyume. Unapewa jibu, wewe utoe swali. Hadithi yake ni kwamba miaka ya 1950 Wamarekani walipata kashfa kubwa, ikagundulika kwamba baadhi ya vipindi vya maswali vilikuwa vya kupanga na washiriki wamepewa majibu mapema. Watu wakaacha kuviamini. Basi Merv Griffin, mtangazaji na mtengenezaji wa vipindi, alikuwa kwenye ndege na mkewe Julann, analalamika kwamba vipindi vya maswali vimekufa. Mkewe akamwambia, kwa nini usiwape watu majibu kabisa? Akamtupia moja: "5,280." Mume akajibu: "Maili moja ina futi ngapi?" Hapo hapo kipindi kikazaliwa. Kilianza kurushwa Machi 1964 kikiendeshwa na Art Fleming, kikaja kusimama, na kilipofufuliwa Septemba 1984 ndipo Trebek akakabidhiwa usukani.

Washiriki wanakuwa 3, kila mmoja na kitufe mkononi. Kuna mada 6, kila mada vidokezo 5, raundi 2, halafu kimoja cha mwisho ambacho mtu anaweka dau kwa siri na kuandika huku muziki wa sekunde 30 unalia. Jumla ni vidokezo 61 kwa kipindi kimoja. Mambo yanakwenda mbio hizo mpaka uji wa Bibi unapoa.

Lakini kilichonishika mimi si mbio. Ni namna yule mzee alivyokuwa anampokea mtu aliyekosea.

Sisi tuliosoma shule za msingi kwetu tunajua kukosea ni kitu gani. Kipindi cha Hesabu, mwalimu anasimama na fimbo, anauliza "saba mara nane" na kukunyooshea wewe. Ukisema 54 unakula yako, na darasa zima linakusindikiza kwa "aibuuu!" mpaka unakaa. Nina rafiki zangu ambao mpaka leo, watu wazima wenye watoto, hawanyanyui mkono kwenye kikao. Hawana kwamba hawajui. Wanaogopa ile sauti.

Trebek hakuwa na fimbo. Mtu akikosea alisema hapana kwa upole au samahani, akampa nafasi mwingine, na kama hakuna aliyepata alitoa jibu mwenyewe na safari ikaendelea. Mtu aliyeshuka mpaka chini ya sifuri, maana pale unaweza kudaiwa, alisemeshwa kwa heshima ile ile ya anayeongoza. Mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba kazi yake ni kuwafanya washiriki wang'are, siyo yeye. Tena alikataa kuitwa nyota wa kipindi, akataka atambulishwe kama mwendeshaji tu.

Sitaki kumfanya malaika. Wapo waliomwona ana maringo kidogo, hasa alipofika kwenye maneno ya Kifaransa, maana aliyatamka kwa ufundi mpaka wachekeshaji wakapata mtaji wa kumuigiza miaka na miaka. Kumbe Kifaransa ni lugha ya mama yake! Trebek alizaliwa 1940 Sudbury, mji wa migodi huko Ontario, Kanada. Mama Mkanada wa Kifaransa, baba mhamiaji kutoka Ukraine aliyekuwa mpishi hotelini. Alisoma falsafa Chuo Kikuu cha Ottawa, akaanza kutangaza CBC 1961, akahamia Marekani 1973. Kwa hiyo yule mzee wa suti nzuri alikuwa mtoto wa mpishi mhamiaji mwenye jina gumu. Mimi nilipolijua hilo nikamwona ndugu.

Na kwa wale mnaopenda vituko, chukueni hiki. Julai 2011, siku chache baada ya kutimiza miaka 71, alikuwa San Francisco kuendesha mashindano ya dunia ya jiografia ya vijana. Usiku mwizi akaingia chumbani kwake hotelini, mwanamke. Mzee kaamka, kamtimulia mbio kwenye korido! Mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino ukakatika, akaanguka, na mwanamama akaja kukamatwa. Asubuhi yake Trebek akaenda kuuliza watoto maswali ya jiografia huku anatembelea magongo. Bibi alikuwa anaisimulia hiyo stori kila wiki kama vile alikuwepo.

Basi bwana, tukaendelea hivyo. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda nikaona Bibi anabadilika. Zamani alikuwa anajibu kabla ya washiriki, tena kwa sauti. Sasa kidokezo kinasomwa, anainuka kidogo kwenye kiti, anasema "najua, najua, najua", na neno haliji. Mshiriki anabonyeza, anajibu, na Bibi anakipiga kiti ngumi. Jioni moja machozi yakamtoka. Akaniuliza, Nancy, hivi mimi ninakuwa mjinga?

Mpenzi msomaji, mtu amefundisha historia maisha yake yote anakuuliza swali hilo na kijiko kiko mkononi mwako. Unamjibu nini? Nilimwambia hapana. Akanitazama kwa jicho lile la walimu, la kwamba jibu ni sahihi lakini umelinakili kwa jirani.

Wakati huo nilikuwa nimepata tiketi ya kwenda kutazama kipindi kikirekodiwa. Tiketi ni za bure, unajiandikisha tu. Bibi hakuweza kwenda. Akaniagiza kitu kimoja. Akasema pale wakati wa matangazo ya biashara Trebek huwa anazungumza na watazamaji na kujibu maswali yao. Niende nikamuulize: yeye mwenyewe akisimama upande wa washiriki, bila karatasi, angeshinda? Na nikamwangalizie kama ule upole ni wa kweli au ni wa kamera. "Nitajua ukinidanganya," akasema.

Siku ilipofika nikaoga, nikavaa gauni langu la kitenge, nikapanda basi 2 mpaka Culver City, kwenye studio za Sony. Tukapangwa mstari, tukapekuliwa, simu zikazimwa. Ndani kuna baridi utadhani bucha. Jukwaa ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye televisheni, na lile ubao la buluu ni kubwa kuliko unavyodhani.

Aliyetupokea alikuwa Johnny Gilbert, yule mwenye sauti ya kukitambulisha kipindi. Alizaliwa 1924, maana yake siku ile alikuwa anakimbilia miaka 90, na bado anaichangamsha hadhira kama MC wa harusi. Tukaonywa tusitaje jibu kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Jirani yangu akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ngoja niwape siri ya jikoni. Ile unayoiona ni wiki nzima, siku 5, inarekodiwa kwa siku moja! Vipindi 3 kabla ya chakula cha mchana na 2 baada yake. Mshindi anakimbia kubadilisha nguo ili aonekane amelala na kuamka, na Trebek naye anabadilisha suti. Vidokezo 61 mara 5, hivyo ni 305 kwa siku. Na alikuwa anafika alfajiri, anasoma vyote mapema, anatia alama kwenye kila jina geni ili alitamke sawasawa. Mji wa Poland, mto wa Asia, mchoraji wa Uholanzi, wote wanapewa haki yao. Kwa miaka ile yote angeweza kubahatisha tu, nani angemshika? Hakubahatisha.

Akaingia. Mrefu kiasi, mvi zimekaa vizuri, masharubu hakuna, maana alikuwa ameyanyoa tangu 2001 na watu walikuwa hawajamsamehe. Alitembea kwa uangalifu kidogo, nami nikakumbuka kisigino. Kipindi kikaanza.

Matangazo ya kwanza yalipoingia, kweli bwana, badala ya kwenda kupulizwa poda akaja mbele ya viti vyetu. Mikono ikanyanyuka. Mmoja akauliza kuhusu masharubu, tukacheka. Mwingine akauliza kuhusu Ken Jennings, yule aliyeshinda mara 74 mfululizo 2004. Mimi mkono wangu ulikuwa juu unatetemeka. Si mnajua, mwalimu wa Hesabu alikuwa bado yupo ndani yangu na fimbo yake.

Akaninyooshea. Akataka kwanza kujua naitwa nani na natoka wapi.

Sasa hapo ningeweza kusema Nancy yakaisha. Nancy alikuwa tayari ulimini. Lakini nikaangalia lile ubao lililojaa majina ya watu wenye bahati ya kutamkwa vizuri, nikasema: Ng'washi, natoka Tanzania.

Akajaribu. Hakupata. Wengi hapo ndipo wanapocheka na kuendelea mbele. Yeye alisimama, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akajaribu tena, bado. Nikamwambia hiyo sauti anayo tayari kwenye Kiingereza chake, iko mwishoni mwa neno "sing", ila sisi tunaanzia pale wao wanapomalizia. Nikaona macho yake yamewaka. Ndiyo kazi yake ile, si nimewaambia? Akalisema "sing" kimya kimya mdomoni, akalivuta, akaachia: Ng'washi. Barabara kabisa! Sawasawa na anavyoniita mama yangu Shinyanga. Watu wakapiga makofi, na mzee akafurahi kama mtoto aliyepata 10 kwa 10.

We acha tu. Miaka 4 nilikuwa sijasikia jina langu mdomoni mwa mtu wa pale. Nikakaribia kusahau swali la Bibi.

Nikalitoa. Kumbe lilikuwa swali analoulizwa kila mara na jibu lake alilitoa sehemu nyingi. Alisema akishindana na wazee wenzake angefanya vizuri tu. Lakini kijana mzuri wa miaka 30 angemfagia, kwa sababu vijana wana mbio za kukumbuka. Yeye vitu anavijua, ila siku hizi vinachelewa kufika.

Nikamwambia kuna Bibi, mwalimu, kanituma, na nadhani hilo jibu litamfaa. Akaniomba nimfikishie salamu. Taa zikawaka, matangazo yakaisha, akarudi kazini. Dakika hazikufika 3, niliwaambia.

Kuhusu lile agizo la pili nilimwangalia kwa vipindi vyote 2 vya mchana. Kamera zikiwaka, kamera zikizimwa, mtu ni yule yule. Kulikuwa na mshiriki mmoja aliyechemsha vibaya, kila akibonyeza anakosa. Kwenye mapumziko Trebek alimsogelea akamsemesha kitu sisi hatukukisikia, na yule kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze.

Nilirudi usiku, zamu haikuwa yangu lakini nikapitia kwa Bibi. Alikuwa macho. Nikampa ripoti yote, tangu baridi ya studio mpaka suti. Nilipofika kwenye jibu alininyamazisha kwa mkono, akataka nilirudie. Nikalirudia: anavijua, ila vinachelewa kufika. Bibi akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema taratibu, basi na vyangu vinachelewa tu.

Kuanzia siku ile akaacha kupiga kiti. Kidokezo kikisomwa na neno lisipokuja alikuwa anasema kwa dharau, liko njiani. Wakati mwingine lilifika saa 3 usiku, namvua viatu, ghafla anapiga kelele "Constantinople!" Tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Halafu akaniuliza lile jina nililomwambia Trebek ni lipi. Nikamwambia. Akasema kama mwenzangu wa miaka 72 ameliweza, mwalimu hatashindwa. Mwanamke ambaye "dirisha" lilikuwa linamkimbia alikaa wiki 2 anafanya mazoezi ya "sing, sing, sing" mpaka akalipata. Na siku alipolipata alimwita msimamizi, akamwambia kwa ile sauti ya darasani kwamba kibandiko cha binti huyu kimekosewa. Nikachapiwa kingine. Ninacho mpaka leo.

Bibi alifariki 2016, usingizini, mkono wangu ukiwa umeshikwa. Kwa hiyo hakuyaona yaliyofuata.

Machi 6, 2019 Trebek alitoa video fupi kuwaambia watu kwamba ana saratani ya kongosho, hatua ya 4. Hakulia. Tena alitania kwamba hana budi kuishinda kwa sababu mkataba wake umebakiza miaka 3. Aliendelea kurekodi katikati ya matibabu, na alikuja kueleza jinsi maumivu yalivyokuwa yanamshika. Ukimtazama usingejua. Novemba mwaka huo kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Brown, Dhruv Gaur, kwenye kidokezo cha mwisho aliacha kujibu kabisa. Akaandika kwamba wanampenda Alex. Kijana alipoteza dola 1,995 akabaki na dola 5. Mzee alilisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu aliyetamka kila neno la dunia hii, neno linamkwama kooni.

Alirekodi mara ya mwisho Oktoba 29, 2020. Siku 10 baadaye, Novemba 8, akafariki, akiwa na miaka 80. Vipindi alivyoviacha vilirushwa mpaka Januari 8, 2021, na mwanzoni mwa wiki ile ya mwisho aliwaomba watazamaji wawakumbuke waliokuwa wanaumia na korona, wawe wakarimu. Nilimtazama peke yangu, saa 1 jioni, na uji sikuwa na wa kumlisha. Mwaka huo huo jukwaa nililokaa mbele yake lilipewa jina lake.

Vijana wenzangu, najua siku hizi raha imehamia kwenye kumkamata mtu kakosea. Kijiweni mtu akikosea jina la mji, jina la utani analo mwaka mzima. Kwenye simu akikosea herufi moja, mtaa wote umeshaipiga picha na kuisambaza. Na mgeni akija ofisini na jina la kwao tunamkata jina kabla hajakaa, tunamwita "Joni" au "Mama Nanii". Kisha tunashangaa mbona watu hawaongei kwenye vikao.

Trebek alikuwa na majibu yote mkononi, yameandikwa kwenye karatasi. Hakuna mtu mwenye nafasi nzuri ya kumcheka mwenzake kuliko huyo. Na yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu wote akarudia jina la mbeba boksi mara 3 mpaka akaliweza, kwa sababu aliona ni haki yangu.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi ndogo. Yupo mtu kazini kwako au mtaani kwako ambaye jina lake mnalivunjavunja. Mwendee, muulize linatamkwaje, lirudie mpaka likae. Haina gharama. Na kama una mzee nyumbani ambaye neno limekataa kuja, usimmalizie sentensi, usimcheke. Kaa hapo. Liko njiani.

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.